Kibarua, Kipande na Kimemo: Uhakiki wa Lugha ya Kujuana katika Ajira za Afrika Mashariki

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna Kiswahili kinavyolitaja, na namna wahakiki wetu wa fasihi wanavyolisoma, jambo la mtu kupata kazi kwa sababu ya anayemjua. Yanaanza na karatasi tatu ambazo majina yake yamo katika lugha, yanapitia msamiati wa mitaani na wa serikali, kisha yanasoma riwaya mbili za Kiafrika zinazopatikana kwa Kiswahili, Hamkani si Shwari Tena na Shetani Msalabani. Hoja yenyewe ni kwamba neno "upendeleo", tunaloliorodhesha kila mara chini ya maudhui, limetuficha utaratibu wa jambo, na kwamba sera zinazoandikwa kwa neno hilo hufika mahali ambapo jambo limekwisha kutendeka.

Karatasi tatu

Mtu aombaye kazi katika eneo letu amepata kushika, kwa nyakati mbalimbali, karatasi za aina tatu, na Kiswahili kimezihifadhi zote kwa majina. Ya kwanza ni kibarua. Leo neno hili humtaja mtu alipwaye kwa kutwa, au kazi yenyewe, hata karani wa benki mwenye ajira ya kudumu husema kwa mzaha kwamba anawahi kibaruani. Asili yake, hata hivyo, ni barua ndogo: kijikaratasi alichopewa mfanyakazi wa kukodiwa huko Unguja na mwambao ili kiwe ushahidi kwamba kazi yake imehesabiwa. Karatasi ilimmeza aliyeishika; jina la kitu likawa jina la mtu.

Ya pili ni kipande. Nchini Kenya, sheria ya kuwaandikisha wenyeji iliyotungwa mwaka 1915, na kuanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ilimlazimisha mwanamume Mwafrika mtu mzima kubeba karatasi yenye alama za vidole vyake na kumbukumbu za waajiri wake, ikiwa ndani ya kikasha cha chuma alichokining'iniza shingoni. Aliyeondoka kabla bwana hajatia sahihi alihesabiwa mtoro, wala hakuwa na njia halali ya kuajiriwa kwingine. Chuki dhidi ya kipande ilikuwa miongoni mwa hoja zilizomwinua Harry Thuku, aliyekamatwa mwezi Machi 1922. Katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika neno hilo hilo lilitaja kadi ya siku 30 za kazi.

Ya tatu ni kimemo, changa kuliko zote. Haina nambari ya kumbukumbu, haina nakala kwenye jalada, na pengine haina hata tarehe. Huandikwa na mkubwa kwenda kwa mkubwa mwenzake, kumwarifu kwamba aliyeileta ni kijana wake na aangaliwe. Siku hizi simu ya mkononi imechukua nafasi ya karatasi, lakini neno halikufa; watumishi wa Tanzania bado huzungumzia kazi za vimemo hata pale ambapo hakuna aliyegusa kalamu.

Ukiziweka karatasi hizi mezani kwa mpangilio wa umri wake, kuna jambo linaloonekana ambalo msamiati wa maadili hauwezi kulionyesha. Kibarua kilisema mtu amefanya kazi kiasi gani. Kipande kilisema amemfanyia nani, na kama ameachiliwa. Kimemo hakisemi lolote kuhusu kazi. Husema mtu ni wa nani. Mkoloni alitaka kumjua Mwafrika kwa vidole vyake, na mkubwa wa leo anataka kumjua kwa shangazi yake. Sidai kwamba karatasi ya kwanza ilikuwa bora. Miongoni mwa vibarua wa Unguja ya karne ya 19 walikuwamo watumwa waliokodishwa, ambao sehemu ya ujira wao ilikwenda kwa bwana. Ninalodai ni kwamba ajira katika eneo letu haijawahi kuwa mkutano wa watu wawili tu, mwenye kazi na mwenye ujuzi. Daima palikuwa na mtu wa tatu na karatasi yake, na uhakiki wetu umekuwa ukimruka.

Neno lililotuficha jambo

Fungua mwongozo wowote wa tamthilia unaouzwa kwa wanafunzi wa sekondari, Nairobi au Dar es Salaam. Chini ya kichwa cha maudhui utakuta orodha: ufisadi, ukabila, tamaa, upendeleo. Kila neno hufuatwa na mfano mmoja au miwili kutoka kitabuni, kisha msomaji husonga mbele. Sisi wa vyuo vikuu hutumia sentensi ndefu zaidi, lakini orodha ni ile ile. Nimesimamia tasnifu ambamo upendeleo ulihesabiwa kama mbuzi wanavyohesabiwa wakiingia zizini: umejitokeza mara ngapi, kwa wahusika gani, katika onyesho la ngapi. Mwanafunzi hakuuliza unafanyikaje, nami, nakiri, sikumdai aulize.

Upendeleo ni neno la moyo. Limetoka kwenye penda, likapitia pendelea, na bado limebeba harufu ya nyumbani: mzazi anayempa mtoto mmoja finyango kubwa kuliko wenzake. Aliyeajiriwa kwa kimemo mara nyingi hakupendwa na mtu. Afisa aliyempa nafasi pengine hajawahi kumwona. Anachokitafuta afisa huyo ni kumweka mwandishi wa kimemo katika deni, ili siku mtoto wake mwenyewe atakapohitimu awe na mahali pa kudai. Kuliita jambo hili upendeleo ni kulitaja kwa sehemu yake iliyo ndogo kabisa, yaani hisia, na kuiacha sehemu kubwa, yaani biashara ya madeni isiyo na daftari.

Majirani wetu wametaja vizuri zaidi. Kinyarwanda kina icyenewabo, neno lililojengwa juu ya watu wa kwao mtu, na kando yake kina ikimenyane, lenye mzizi wa kujua na kiambishi cha kutendana, sawa kabisa na kujuana kwetu. Maneno hayo mawili hutajwa pamoja lakini hayachanganywi, kwa maana aliyeajiriwa kwa damu na aliyeajiriwa kwa kufahamiana hawaingii kwa mlango mmoja. Kiarabu cha Oman na Ghuba husema wasta, kutoka mzizi ule ule uliotupa wastani: neno hilo humtaja aliye katikati, mpatanishi, wala halijishughulishi na moyo wa yeyote. Huku Kampala Kiingereza cha mitaani kina mchezo wa maneno unaougeuza utaalamu wa kujua mambo kuwa utaalamu wa kujua watu, na kila mtu hucheka, pamoja na walioajiriwa hivyo.

Kiswahili cha mitaani nacho kina akili kuliko kile cha miongozo. Kisikilize: amewekwa pale, amechomekwa, amepenyezwa, anabebwa. Vitenzi vyote viko katika kauli ya kutendwa, na mtenda hatajwi. Huu si uvivu wa lugha. Msemaji anamjua aliyeweka na aliyebeba, na anajua pia kwamba kumtaja kuna gharama. Kisha kuna swali fupi linalowasubiri vijana wote wa eneo hili wanapotoka kwenye mahafali: una mtu? Sarufi yake inastahili kutafakariwa. Mtu amekuwa kitu cha kumilikiwa, kama vile mtu ana shamba au ana baiskeli. Lakini anayemiliki ni yupi? Kujuana ni kauli ya kutendana, na kauli hiyo huahidi usawa, kwamba mimi nakujua nawe wanijua. Kwa kweli mwombaji ndiye anayemjua mkubwa. Mkubwa humjua mwombaji siku ya kimemo tu, naye baada ya hapo humkumbuka kwa jina la "yule kijana wangu". Zimwi likujualo halikuli likakwisha, walisema wahenga, na methali hii husomwa kama faraja. Haitaji popote kwamba zimwi haliwi zimwi likishakujua.

Undugu uliokuwa fadhila

Kinacholifanya jambo hili kuwa gumu kwa Kiswahili kuliko kwa lugha nyingine ni kwamba undugu uliwahi kuwa sera. Mwaka 1962 Nyerere aliandika juu ya ujamaa akiuegemeza kwenye jamaa, ile familia pana ambayo ndani yake hakuna anayelala njaa wakati mwenzake ameshiba. Ahadi za wanachama wa TANU zilianza kwa kuwatangaza binadamu wote kuwa ndugu. Orodha hiyo hiyo ya ahadi ilikiita cheo dhamana, na ikamkataza mwanachama kutumia cheo chake au cha mwingine kwa faida yake.

Ukizisoma ahadi hizo kwa jicho la mhakiki utaona kwamba zimebeba mvutano ambao haukuwahi kutatuliwa. Ikiwa watu wote ni ndugu, basi hakuna ndugu wa pekee wa kupendelewa, na cheo kinabaki dhamana ya wote. Hesabu hiyo ni sahihi kwenye karatasi. Lakini neno ndugu halikuwa tupu lilipochukuliwa na siasa. Lilikuwa limejaa tayari. Ndugu ni kufaana si kufanana, na kufaana huko hakukuwahi kuwa kwa taifa zima. Kulikuwa kwa yule aliyekulipia karo, aliyekupokea stendi ulipofika mjini, aliyekuhifadhi sebuleni miezi minane ukitafuta kazi. Mtaani likazuka neno undugunaizesheni, neno la kejeli lenye kichwa cha Kibantu na mkia wa Kiingereza cha ofisini. Naliona kuwa mojawapo ya vipande bora vya uhakiki wa kisiasa vilivyowahi kutungwa kwa Kiswahili, na halina mtunzi. Mkia wake unasema kilichotokea: undugu uliingia ofisini, ukapewa utaratibu, ukageuka mchakato kama michakato mingine ya serikali.

Washauri wa sera wanaosoma makala haya watakuwa wamekutana na hoja kwamba Mwafrika hupendelea jamaa zake kwa sababu ya utamaduni wake. Hoja hiyo ni dhaifu, na methali zenyewe zinaikana. Lugha inayosema mcheza kwao hutunzwa ndiyo inayosema pia kwamba mtegemea cha ndugu hufa maskini. Utamaduni ulikuwa na mabishano yake ya ndani kuhusu jambo hili kabla ya tume yoyote ya utumishi kuundwa.

Pauni kumi za Joshua

Riwaya ya Chinua Achebe ya mwaka 1960, inayosomwa kwa Kiswahili kwa jina la Hamkani si Shwari Tena, hufundishwa kwetu kama hadithi ya rushwa. Msomi kijana, Obi Okonkwo, amerudi kutoka Uingereza, amepata kazi kubwa katika bodi ya ufadhili wa masomo, na mwishowe amekamatwa na noti zilizotiwa alama. Hivyo ndivyo miongozo inavyosema, na si uongo. Lakini katikati ya kitabu kuna tukio dogo ambalo kwangu lina uzito kuliko kesi yenyewe.

Watu wa Umuofia waishio Lagos wana chama chao. Katika mkutano mmoja linakuja ombi la Joshua, aliyekuwa tarishi wa posta. Amefukuzwa kwa kosa la kulala kazini. Kwa maelezo yake mwenyewe hakulala: alipoajiriwa alimwahidi karani mkuu pauni 10 na hakumaliza kuzilipa. Sasa anaomba akopeshwe pauni 10 ili atafute kazi nyingine. Chama kinakubali bila taabu. Ndipo mwenyekiti anapoeleza, mbele ya Obi, kwamba fedha haina kinywa cha kumsemea mtu, na kwamba aliye na watu amemzidi aliye na fedha. Kila mwanachama aangalie idarani kwake kama pana nafasi, amtaje Joshua. Wanafurahi kwamba sasa mmoja wa vijana wao yumo katika ngazi za juu za serikali.

Achebe hakumchora mwenyekiti huyu kama fisadi. Ni mzee mwenye busara, anayeongoza kikao kwa utulivu, na anachopendekeza, kwa macho yake, ni kupunguza rushwa: badala ya Joshua kumlipa karani mwingine pauni 10, asemewe na mtu wa kwao bila malipo. Hapa ndipo riwaya inapotupa kitu ambacho orodha ya maudhui haiwezi kutupa. Kujuana na kuhonga, ambavyo tunaviweka chini ya kichwa kimoja cha ufisadi, ni washindani. Asiye na mtu hununua; aliye na mtu hanunui. Chama cha wanyonge mjini ni njia ya watu wadogo kujipatia mtu wao kwa michango. Anayependekeza kukifunga kimoja bila kukigusa kingine anawapeleka akina Joshua kwa karani.

Usaili wa Obi mwenyewe nao haujapata kuhakikiwa inavyostahili. Anahojiwa na tume, mwenyekiti wake Mwingereza mpenda fasihi ya kisasa, na muda mrefu unapita wakijadili mashairi na riwaya ya Graham Greene. Mjumbe mmoja anamwuliza kama anaitaka kazi ya serikali ili ale rushwa. Kuhusu namna ya kupima maombi ya ufadhili, ambayo ndiyo kazi yenyewe, riwaya haituonyeshi swali. Obi anapata nafasi kwa ustahili, sote tutasema. Lakini ustahili uliopimwa pale ulikuwa upi, kama si kwamba mwombaji na mwenyekiti wamesoma vitabu vile vile na wanavizungumza kwa lafudhi inayokaribiana? Huko nako ni kujuana, hata kama wawili hao hawajawahi kuonana. Ni kujuana kwa waliopita shule za aina moja, nako hakuhitaji kimemo kwa kuwa kimemo kimekwisha kuandikwa kwenye ulimi.

Asiye na mtu

Shetani Msalabani ya Ngũgĩ wa Thiong'o, iliyotoka kwa Kigĩkũyũ mwaka 1980 na kwa Kiswahili miaka miwili baadaye, inaanzia upande wa pili wa mlango. Jacinta Warĩĩnga ana ujuzi wa taipu, hana mtu. Anazunguka ofisi za Nairobi, na kila meneja ana baa na nyumba ya wageni ambako angependa mazungumzo ya ajira yakamilishwe. Anapopata kazi hatimaye, Bosi Kĩhara anadai kile kile kwa maneno ya upole zaidi, anakataa, anafukuzwa. Ngũgĩ anasema kwa ukali, pengine kwa ukali uliozidi kiasi cha sanaa, kwamba mwili wa mwanamke umekuwa meza ambayo mikataba hutiwa sahihi juu yake.

Nimesema ukali uliozidi, na nitaueleza. Wakubwa wa Ngũgĩ ni wanene, wana vitambi, wanacheka vibaya. Msomaji huwatambua kabla hawajasema neno. Mkubwa wa kimemo katika maisha yetu si hivyo. Ni mtu mzuri msibani, mchangiaji wa kwanza kwenye harambee, na anayeitwa mjomba na watu ambao si wapwa zake. Kibonzo humsamehe msomaji, kwa kuwa hakuna msomaji anayejiona mle. Kwa jambo hili Achebe ni mwandishi wa hatari zaidi.

Hata hivyo Ngũgĩ ana tukio ambalo Achebe hana. Warĩĩnga anasomea uhandisi wa mitambo, anakwenda kwenye gereji ya mafundi wanaofanya kazi kwa ushirika, na wanaume wanamcheka. Anakubaliwa baada ya kuonyesha kwa mikono yake, palepale, kwamba injini anaijua. Katika fasihi yetu yote ya ajira sikumbuki usaili mwingine ulio wa haki kuliko huu: wote wanaona, wote wanasikia gari likiwaka au lisiwake, na anayetoa hukumu ni wale watakaofanya kazi naye. Baadaye kiwanja cha gereji kinauzwa, na miongoni mwa wanunuzi yumo Kĩhara yule yule. Wahakiki wa mrengo wa kushoto wamelisoma hilo kama ubepari unaoufuata ujamaa hadi gerejini, na wana haki. Mimi naongeza jambo la kawaida zaidi: haki ya usaili haimlindi aliyeajiriwa ikiwa mahali penyewe pa kazi pana mwenyewe mwingine.

Mdhamini asiyelipa

Sasa nigeukie maandishi ambayo wahakiki wa fasihi hawayasomi na washauri wa sera huyasoma haraka mno: matangazo ya kazi na sheria zake.

Kenya ina Katiba ya 2010, ambayo ibara yake ya 232 inaweka ushindani wa haki na ustahili kuwa msingi wa uteuzi, ikiufungamanisha na uwakilishi wa jamii mbalimbali. Sheria ya uwiano na utangamano ya 2008 ilikwisha kukataza taasisi ya umma kuwa na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi kutoka kabila moja. Kifungu hicho kilizaliwa katika mwaka wenye majeraha, na sikibezi. Lakini kinahesabu makabila, hakihesabu njia. Taasisi inaweza kuitimiza theluthi kwa ukamilifu ilhali kila aliyeajiriwa ameingia kwa mkono wa mkubwa wa kwao, wakubwa wakiwa wamegawana nafasi kwa amani kabisa. Hapo sheria itaona utangamano, nayo haitakuwa imekosea hesabu.

Tanzania ilichagua njia ya kumwondolea mwajiri kalamu: marekebisho ya 2007 ya sheria ya utumishi wa umma yalileta Sekretarieti ya Ajira, na leo maombi hupita mtandaoni. Halafu ukaja uhakiki wa vyeti wa 2017, ndugu wa jina wa uhakiki huu wetu, uliotaja watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Uhakiki ule ulisoma karatasi iliyo kwenye jalada. Kimemo, kwa maumbile yake, hakiko kwenye jalada.

Ukilisoma tangazo la kazi kama matini, utakuta maneno mawili yanayostahili kushikwa. La kwanza ni uzoefu: miaka mitatu, miaka mitano. Uzoefu huo hupatikana wapi? Mara nyingi ni kwa kujitolea, kwa mafunzo kazini, kwa mkataba wa miezi sita, kwa kibarua, yaani katika zile nafasi ambazo hazitangazwi na ambazo mkuu wa ofisi huzijaza kwa simu moja. Kijana anayebebwa hahitaji kubebwa siku ya usaili. Alibebwa miaka mitatu kabla, mlango ulipokuwa mdogo na hakuna aliyekuwa akiutazama. Siku ya usaili anashinda kwa haki, mbele ya jopo lisilo na doa. Tume zetu zinalinda mlango mkubwa kwa bidii. Kwa maoni yangu, senti moja ya usimamizi iliyowekwa kwenye nafasi za muda ingefaa kuliko mifumo mingine mitatu ya maombi ya mtandaoni.

La pili ni wadhamini. Mwombaji hutakiwa kutaja wadhamini watatu wa kuaminika. Sokoni na mahakamani mdhamini ni mtu anayelipa: mdhaminiwa akitoroka, ng'ombe wa mdhamini huchukuliwa. Mdhamini wa tangazo la kazi halipi chochote. Anaweza kumsifu mvivu kuwa mchapakazi, na mwaka unaofuata akaombwa tena kumdhamini mwingine. Tumelichukua neno lenye meno tukaling'oa meno, kisha tunashangaa kwamba barua ya mapendekezo na kimemo vinaanza kufanana. Tofauti yao iliyobaki ni moja: barua ya mapendekezo husomwa na jopo zima, kimemo husomwa na mtu mmoja.

Hapa sina budi kujitaja. Kazi yangu ya kwanza ya kufundisha niliipata kwa sababu baba mdogo aliwahi kuishi chumba kimoja na mkuu wa shule. Sikujua hivyo siku ile. Nilidhani alama zangu zilisema. Miaka mingi baadaye nilikaa kwenye jopo la usaili la chuo kimoja, nafasi ya mhadhiri msaidizi wa Kiswahili, na usiku wa kuamkia siku ile nilipigiwa simu na mwalimu wangu niliyemheshimu kuliko wote. Hakuomba kitu. Aliniuliza habari za nyumbani, akataja jina la binti mmoja, akasema ni mtoto mzuri, akanitakia usiku mwema. Binti huyo alikuwa wa pili kwa alama zetu, karibu mno na wa kwanza. Katika majadiliano nilijisikia nikisema kwamba wa kwanza ana majivuno. Hakuwa nayo. Nilikuwa nikilipa deni la karo ambayo mwalimu yule alinilipia nikiwa mwaka wa pili, na lugha ilinipa neno la kulipia.

Nalitaja hilo kwa sababu nafasi za aina hiyo zinaongezeka. Rwanda ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017; baraza la mawaziri la Uganda liliamua vivyo hivyo mwaka 2022. Shule zitahitaji walimu ambao hatunao wa kutosha, na wanaoweza kuwapima waombaji ni sisi sisi tunaokutana katika makongamano haya, tuliofundishana, tunaosimamiana tasnifu, tunaoandikiana dibaji. Idara zetu ni ndogo. Haiwezekani kumwajiri mtu ambaye hakuna anayemjua, na kanuni inayomtaka mjumbe wa jopo ajitoe kila anapomjua mwombaji ingetuachia viti vitupu.

Kwa hiyo sipendekezi kukataza kujuana. Napendekeza kukiandika. Kila mjumbe wa jopo, kabla ya usaili, aingize kwenye daftari la jalada kila simu, salamu na karatasi iliyomfikia kuhusu mwombaji yeyote, pamoja na jina la aliyeileta. Mwombaji asipunguziwe alama kwa hilo, na aliyeshindwa awe na haki ya kulisoma. Vitenzi vya kutendwa vingepata watenda wao. Mdhamini angekuwa na kitu cha kupoteza, angalau jina. Na simu kama ile ya mwalimu wangu ingeweza kupigwa mchana.

Niliwahi kulipeleka pendekezo hili kwenye kikao cha idara. Lilijadiliwa kwa heshima kwa karibu nusu saa, likakubaliwa kimsingi. Ndipo mjumbe mmoja alipouliza ni nani atakayelitunza daftari hilo, kwa kuwa ni kazi ya kuaminika. Jina lilitolewa papo hapo na likaungwa mkono na wote. Alikuwa kijana niliyemfundisha mwenyewe, na aliyelitaja alinitazama kwanza.